Mbu Wenye Miguu ya Madoadoa

Vijana wa maabara, mmenisumbua tangu siku mliyoniaga. Mlinipa vitenge, keki na hotuba tatu, kisha mkaniambia niandike "yale ya zamani" kabla sijayasahau. Haya, nimeandika. Vyeo sikuviweka, maana vilikuwa vichache na havikunifundisha kitu. Nimeweka mbu, na watu waliokuwa wakilala nao nyumba moja.

Mimi ni mtu wa Matombo. Nilizaliwa kwenye mteremko ambao ndizi ikikuponyoka jikoni unakwenda kuiokota kwa jirani wa chini. Shule ndiyo iliyonishusha Morogoro mjini, kwa mama mdogo, na nilipomaliza kidato cha nne nikapata nafasi ya msaidizi wa maabara katika ofisi ya kupambana na malaria. Nilidhani nitapima damu. Nilikuwa nimeshajiona nimevaa koti jeupe, nikiita majina ya wagonjwa dirishani. Koti nilipewa kweli, ila wagonjwa sikuwaona. Nilipelekwa chumba cha nyuma chenye meza mbili, hadubini moja, harufu kali ya dawa ya kufukuzia wadudu, na Mzee Kapinga.

Mzee Kapinga alikuwa Mngoni wa Songea, mrefu, mchache wa maneno, aliyekuwa akikamata mbu tangu ujana wake. Alisoma barua yangu ya kuajiriwa, akaikunja, akanirudishia.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Macho yako mazima?"

"Mazima."

"Mikono haitetemeki?"

"Haitetemeki."

"Haya, kaa hapo."

Akaniwekea kisahani chenye mbu waliokamatwa alfajiri ile. Kazi yenyewe ilikuwa kutenga majike na madume. Dume anajulikana kwa pembe zake za manyoya, kama brashi ya kusafishia chupa. Jike pembe zake ni nyembamba, hazina makuu, na ndiye anayeuma. Nikainama, nikachukua kibano, na kabla sijagusa kitu nikapiga chafya. Mbu wote wa asubuhi ile wakaruka tena, safari hii bila msaada wa mabawa yao.

Nilisubiri kufukuzwa. Mzee Kapinga akaangalia sakafu, akavua miwani, akaifuta.

"Sasa umekuwa mfanyakazi," akasema. "Chukua brashi ile ndogo. Tuanzie mlangoni."

Tulitambaa sakafuni mpaka saa ya chakula, mzee wa watu na suruali yake iliyopigwa pasi, mimi na koti langu jipya. Tangu siku ile, mtu yeyote aliyeingia chumba changu alikuta feni imezimwa na dirisha limefungwa, na wengi wenu mmelalamikia joto. Sasa mnajua sababu.

Wiki ya kwanza hakuniruhusu kufungua kitabu. Alinipa mbu mmoja na penseli, akaniambia nimchore. Nilimchora siku nne. Kila nikimaliza aliangalia, akaniuliza, "Mguu wa nyuma una alama ngapi?" nami nikarudi kwenye hadubini kwa aibu. Kitabu kilipofunguliwa hatimaye, nilikuta nimeshajua nusu yake.

Mnaoanza leo mna mashine inayosoma mbu kwa kipande cha mguu wake, na inaona tofauti ambazo jicho haliwezi kuziona. Siipingi. Lakini mashine inataka umeme, na asubuhi nyingi za kazi hii mtakuwa nyumbani kwa mtu na tochi tu. Basi shikeni hili. Kuleksi, yule anayeimba sikioni, akitua ukutani hulaza mwili sambamba na ukuta. Anofelesi, ambaye ndiye mwenye malaria yake, huinua makalio kama anayetaka kusimama kwa kichwa. Ukishampata anofelesi, tazama miguu. Anayeitwa gambie, mwambukizaji mkuu wa huku kwetu, ana madoadoa, kama mtu aliyepita karibu na fundi anayepaka chokaa. Funestasi ni mdogo, mweusi, miguu yake haina madoa. Kuna na yule mkubwa mwenye nyayo nyeupe, kama amevaa soksi za shule. Wageni wote humshangilia kwa sababu ni mzuri, lakini mara nyingi huyo hana habari na watu, anataka ng'ombe.

Chombo chetu kikuu kilikuwa kinyonyeo: kijibomba cha kioo, mpira mrefu, na wavu katikati. Unaelekeza kioo kwa mbu, unavuta pumzi kwa mdomo, mbu anaingia. Wavu ukilegea, mbu anaingia zaidi ya ulivyokusudia. Nimemeza mbu wengi wa wilaya hii kuliko popo.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya alfajiri. Tulifika kijijini jua halijatoka, tukapiga hodi, tukaomba kutandika shuka nyeupe chumba kizima, chini na juu ya kitanda, kisha tukafunga milango na kupuliza dawa ya pareto. Baada ya muda tulikunja shuka kwa pembe zake nne, tukatoka nazo nje kwenye mwanga, na mbu wote waliolala mle ndani walikuwa wameanguka juu yake. Kwa nje inaonekana kazi ya mbu. Kwa kweli ni kazi ya kuingia vyumba vya kulala vya watu kabla hawajanawa uso.

Kijijini Kinole, juu milimani, bibi mmoja alitukatalia kabisa. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mnataka kukiona kitanda changu, mnanioa?"

Mzee Kapinga akavua kofia. "Bibi, mimi nimeshaoa. Tunamtafuta mbu tu."

"Mbu hata barazani kwangu wapo. Keti hapo, watakuja wenyewe."

Tukaketi. Akatuletea ndizi za kuchemsha na chai yenye mdalasini wa shambani kwake, akatuhoji kwetu wapi, mama zetu ni nani, wa ukoo gani. Aliposikia ukoo wa mama yangu akapiga makofi: kumbe mimi mjukuu wake kwa njia fulani iliyopita Matombo na kurudi. Akamgeukia mzee. "Mbona hukusema umekuja na mtoto wa nyumbani?" Shuka zikatandikwa. Tulipata mbu watatu, baridi ya kule si rafiki yao, lakini nilirudi mjini na chane ya ndizi, mfuko wa machungwa na bibi mpya. Hata sasa nikinusa mdalasini namwona pale mlangoni.

Hiyo ndiyo miaka ambayo biashara ilifunguliwa. Ninyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua ilivyokuwa kuingia dukani ukakuta sabuni za aina tano na mwenye duka anakubembeleza. Mitumba ilimwagwa barabarani mpaka Mikese. Mzee Kapinga alinunua shati lenye jina la timu ya mpira ya nchi asiyoijua, akalivaa kazini kwa heshima zote, limepigwa pasi. Dawa za mbu za kuchoma zilikuja za kila rangi ya pakiti, na watu walitusimamisha sokoni kutuuliza ipi inaua. Ofisini kwetu mambo yalikwenda kinyume. Spiriti ilikwisha, gari likakaa juu ya matofali, tukawa tunapanda malori ya ndizi kwenda Matombo na kurudi, shuka zetu tumeziweka kwenye kikapu.

Na viwanda vikaanza kupunguza watu. Kaka yangu Salumu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo. Alikuwa anajua kwa kusikia tu kwamba mtambo fulani unataka kuharibika. Asubuhi moja walipewa barua, yeye na wenzake wengi, na jioni yake alikuja kwangu akakaa kibarazani. Nilimpa chai, ikapoa mkononi mwake.

Baadaye yeye na wenzake watano wakaenda kufyatua matofali ya kuchoma mtaa wa Bondeni, pembezoni mwa mji, upande wa barabara ya Mikese. Biashara ilikuwa nzuri. Kila mtu alikuwa anajenga. Salumu akanenepa kidogo, akaanza kutania tena. Nilifurahi kuliko nilivyoweza kumwambia.

Masika iliyofuata, homa ikaingia Bondeni. Watoto walibebwa kila siku kwenda zahanati, na baadhi hawakurudi. Mkuu wetu wa ofisi, Bwana Ngowi, aliangalia ramani na kusema tatizo ni lile bwawa la zamani lenye matete. Wanawake wa mtaa walilima mchicha na matembele kando yake. Ndiyo yaliyokuwa maisha yao. Akaandaa barua ya kulikausha na kuwaondoa.

"Tukaangalie kwanza ni mbu gani," akasema Mzee Kapinga.

"Mbu ni mbu, mzee."

"Basi mimi na huyu binti tumekula mshahara wa bure miaka yote hii."

Tukapewa wiki mbili.

Nyumba tuliyoanza nayo ilikuwa ya Mama Rehema, mmoja wa wale wakulima wa mchicha. Mume alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya miwa. Rehema mwenyewe alikuwa na miaka minne hivi, hana haya, anafuata shuka kama paka. Tulipokusanya mbu nje alichuchumaa pembeni yangu.

"Huyo umempata wapi?"

"Chumbani kwenu."

"Basi ni wangu. Utanirudishia?"

Nikamwahidi kwamba nikimaliza kumtazama nitamrudishia. Mama yake akacheka, akasema nijihadhari, mtoto huyo hasahau.

Chini ya hadubini, mbu wa nyumba ile na za jirani walikuwa na miguu ya madoadoa, karibu wote. Gambie. Huyo hapendi maji ya kivuli yenye matete. Anapenda vidimbwi vidogo, vipya, vilivyo wazi juani. Tulichota maji bwawani kwa upawa mchana kutwa, tukapata viluwiluwi vya kuleksi na wengine wasiotuhusu. Kisha tukapanda upande wa pili wa mtaa, kwenye matanuru ya matofali. Palikuwa na mashimo ya kuchimbia udongo, mengi, yamejaa mvua, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiwaka jua. Kila upawa ulitoka na viluwiluwi vimelala sambamba na uso wa maji, kama walalavyo anofelesi wakiwa bado majini, kinyume cha wakubwa wao ukutani.

Salumu alikuwa pale, matope mpaka magotini. Akanipungia mkono.

"Zaina! Umekuja kununua tofali?"

Niliinama, nikachota upawa mwingine.

Tuliwabeba wale viluwiluwi, tukawafuga kwenye vikombe vilivyofunikwa chandarua ili watoke tuone ni nani. Alhamisi walitoka. Nikamweka wa kwanza chini ya kioo, na miguu yake ilikuwa na madoadoa. Mzee Kapinga alikuwa amesafiri kwenda kumzika jirani wa kwao. Nilikuwa peke yangu. Nikafunga daftari bila kuandika.

Nilikaa nalo hivyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Nilijiambia nahakiki. Sikuwa nahakiki chochote. Nilikuwa namwona kaka yangu na chai inayopoa mkononi.

Jumatatu mzee alirudi. Akaangalia vikombe, akaangalia daftari, akaangalia uso wangu.

"Wametoka lini hawa?"

"Alhamisi."

"Ni nani?"

"Gambie."

"Mbona hujaandika?"

Nikamweleza. Alivuta kiti, akakaa karibu yangu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Zaina, wewe hujasema matofali ni mabaya. Umeona mbu. Andika ulichokiona, halafu nenda kwa kaka yako kabla barua haijafika. Asisikie kwa mwingine."

Nikaandika. Tarehe niliweka ya Alhamisi.

Mchana ule ule nilikwenda Bondeni. Nilipofika karibu na nyumba ya Mama Rehema niliona wanaume wameketi nje kwenye majamvi, na wanawake ndani. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza. Rehema alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku ile, degedege, wakiwa njiani kwenda hospitali.

Mtaalamu yeyote atawaambia kwamba siku zangu nne hazikumuua. Mbu aliyemuuma alikuwa ameshazaliwa na ameshauma muda mrefu kabla ya Alhamisi. Homa hujificha mwilini zaidi ya wiki kabla ya kujitokeza. Hesabu hiyo naijua, nimewafundisha wenyewe. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara inatoka sahihi, na haijawahi kunisaidia.

Nilimkuta Salumu tanuruni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umesikia msiba wa jirani?"

"Nimesikia. Kaka, ndiyo nimekuja kwa hilo." Nikamwambia yote, mashimo, viluwiluwi, miguu. Alinisikiliza ameshika kalibu ya mbao ya kufyatulia, na matope yakawa yanakauka juu yake.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuua mtoto wa watu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini? Kiwandani wamenitoa kwa barua. Na hapa nako dada yangu ananiletea barua?"

"Hakuna anayewatoa. Fukieni mashimo ya zamani, udongo wa shimo jipya uingie la zamani, msiache maji yakasimama. Nitalisema hilo mbele ya Bwana Ngowi."

"Wewe nenda kwa mbu wako," akasema. "Hao ndio ndugu zako sasa."

Nililisema mbele ya Bwana Ngowi. Nilisimama na vikombe vyangu mbele yake na mbele ya viongozi wa mtaa, na Mzee Kapinga nyuma yangu kama ukuta. Mtu mmoja alitaka wafyatuaji wafukuzwe siku hiyo hiyo. Mama mmoja wa bustani, aliyekuwa karibu kuondolewa yeye, ndiye aliyesema, "Hawa nao wana watoto. Wafukie tu." Bwawa likabaki, bustani zikabaki, mashimo yakafukiwa. Ripoti ilikwenda juu na jina la Bwana Ngowi, ikasifiwa. Homa ilipungua mtaani. Sina kipimo cha kusema ilipunguzwa na sisi au na kiangazi kilichokuja, na nawaomba ninyi pia muwe wagumu wa kudai sifa ambazo kiangazi kinaweza kuzidai.

Salumu hakunisemesha kwa muda wa mwaka na zaidi. Tulikutana misibani na kwenye ndoa za ukoo; nilimwamkia, akaitika kwa kichwa, akahamia upande mwingine. Mama yetu alijaribu kutupatanisha, akachoka. Mzee Kapinga alistaafu katika kipindi hicho, akarudi Songea. Siku ya mwisho alinikabidhi funguo za chumba cha nyuma na kusema, "Usiwaruhusu wafungue dirisha." Nilikwenda kulia stoo.

Masika ilirudi. Siku moja, saa nne ya asubuhi, nikaona mtu amesimama mlangoni kwangu, viatu ameviacha nje. Alikuwa Salumu, amebeba chupa ya maji ya kunywa iliyojaa maji ya rangi ya udongo.

"Haya ni ya shimo jipya, la juzi," akasema, bila salamu. "Mvua ilituwahi. Niambie hawa ni wale au siyo wale."

Nilimpa kiti. Wale viluwiluwi walikuwa wadogo mno kusema zaidi ya kwamba ni anofelesi, lakini nilikuwa na gambie mkubwa mkavu kwenye sanduku. Nikamweka chini ya kioo, nikamwonyesha jinsi ya kuzungusha mpaka aone. Alitazama muda mrefu, yule mtu aliyejua mitambo kwa kuisikiliza.

"Mdogo hivi," akasema.

"Mdogo hivi."

"Na miguu yake kweli ina madoa. Nilidhani unasema tu." Hakuinua uso kutoka kwenye hadubini. "Zaina, mimi kila siku napita mlango wa yule mama."

Nilimwekea mkono mgongoni. Kisha akaniuliza mbu wanaingiaje nyumbani watu wakiwa wamefunga mlango, nikamweleza kwamba wengi hupita pale juu, kwenye uwazi kati ya ukuta na paa. Akanyanyuka, akachukua chupa yake, akaenda.

Jioni ile walilifukia shimo. Jumapili yake, yeye na wenzake watano walipeleka matofali kwa Mama Rehema, wakaziba ule uwazi wa juu kuta zote nne, wakaweka wavu madirishani. Hawakumwambia kwa nini, naye hakuwauliza. Aliwapikia ugali na mchicha.

Miaka mingine yote mnaijua, wengi wenu mlikuwepo. Ila hii hamkuwepo. Wiki chache baada ya matofali yale nilikwenda Bondeni alfajiri kwa uchunguzi wa kawaida, nikapiga hodi kwa Mama Rehema. Alinisaidia mwenyewe kutandika shuka. Tulipuliza dawa, tukangoja nje, tukazikunja, tukazifungua kwenye mwanga. Nilitafuta kila kona. Palikuwa na mbu mmoja tu. Nikamnyanyua kwa kibano, nikamtazama kwa lensi ya mkono.

Mama Rehema alikuwa amechuchumaa pembeni yangu.

"Ni yule?" akauliza.

"Siyo yule."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Miguu yake haina madoa. Huyu ni kuleksi, anapiga kelele tu."

Akatikisa kichwa polepole, akakaa chini kabisa juu ya ukingo wa shuka, akalia, kilio cha mtu ambaye amekuwa akikingoja. Nikaweka kibano chini, nikakaa naye. Jua likapanda mpaka shuka ikawa inaumiza macho, na nyumba nyingine za siku ile sikuzifikia.